Pungeni Mkono

Ukutani mwa ofisi yetu, juu ya meza ya kukatia tiketi, kaka yangu alitundika picha ya mama, kubwa kama mlango. Mama yumo baharini, maji shingoni, jaketi la manjano la kuokolea limempanda hadi masikioni, mkono wa kulia uko juu, anapunga. Chini yake kaka aliandikisha kwa herufi za rangi: HATA MAMA YETU ANAWEZA. Wateja waliipenda. Wanaingia, wanacheka, wanasema jamani huyu bibi ana raha zake, wanakata tiketi. Mimi kila nikifungua mlango asubuhi nikakutana nayo, damu ilinichemka.

Boti ni ya kaka. Nahodha ni yeye, na mpiga picha ni yeye, maana anaamini hajazaliwa mwingine anayejua kushika kamera. Mimi ndiye ninayeingia majini na wateja. Namchukua mtu ambaye hajawahi kutumbukiza uso kwenye maji isipokuwa ndani ya beseni, namvalisha miwani ya maji na mrija wa kupumulia, namfundisha kuelea kifudifudi na kuvuta pumzi kwa mdomo bila kupaliwa, mpaka aone samaki na matumbawe, na siku ya bahati, kasa. Watu wazima na heshima zao wananing'ang'ania shingoni kama kupe. Ofisa mmoja wa benki alipiga yowe ndani ya mrija, likatoka kama tarumbeta, kumbe ameona miguu yake mwenyewe. Siwacheki. Haya, nawacheka, lakini wakishaondoka.

Kabla mtu hajaingia majini namfundisha ishara mbili. Aliye mbali na boti huwezi kumsikia, unaona kichwa tu. Kiganja juu ya utosi maana yake niko salama, niacheni nitazame samaki wangu. Mkono juu unapunga maana yake njooni, nazama. Basi, hakuna jingine. Sikuzitunga mimi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo wanavyofundisha wenzangu wote wa kazi hii ninaowajua.

Kaka hakuzitaka hata kidogo.

"Mkono kichwani?" aliniuliza siku moja, ananisukumia simu usoni nione picha. "Wewe una akili timamu? Mtu anashika kichwa akiwa amefiwa. Tazama, wateja wazima wameshika vichwa kama wako msibani. Nani atakata tiketi akiona hivi? Unanitilia uchuro kwenye boti yangu."

Sikatai, nyumbani kwetu mkono kichwani ni balaa. Tulipokuwa wadogo mama akikuona umeshika kichwa alikuwa anakuchapa kofi la kiwikoni mikono ishuke, huku anakuuliza unamlilia nani, mbona mama yako yu hai. Lakini bahari si sebuleni kwa mama. Kaka hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Akajitungia sheria yake: aliye salama apunge, kwa sababu kupunga ni furaha, na furaha inatoka vizuri kwenye picha. Tukifika kwenye matumbawe anasimama nyuma ya boti na kamera yake, anapaza sauti, "Pungeni mkono, wageni! Pungeni!" Na wageni, vichwa vinaelea huku na huku, wanapunga.

"Na atakayezama apunge nini?" nilimuuliza. "Mguu?"

Akacheka. Mtu mzima, mwenye ndevu, akacheka! Basi boti moja ikawa na sheria mbili. Mimi nafundisha ufukweni, yeye anafuta baharini. Tuligombana hadi mbele ya wateja, na mama ndiye aliyetutuliza, akasema tunamwaibisha.

Mama alikuwa hajawahi kupanda boti ile. Kazi yake ilikuwa uani, nyumbani. Kila jioni tunamletea miwani, mirija na majaketi, anayasuuza kwenye beseni kubwa la bluu kwa maji baridi ya bomba, chumvi yote itoke, halafu anayaanika kwenye kamba. Miaka yote hiyo alisuuza miwani ambayo hakuwahi kuivaa. Kazi yangu aliita kazi ya kuwaonyesha watu samaki wasioliwa. Kisha jioni moja, ameinama kwenye beseni, akasema bila kunitazama, "Kesho na mimi nataka kumwona huyo kasa wenu."

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Kesho yake tulikuwa na wateja wawili tu, bwana harusi na bibi harusi waliooana majuzi. Niliwafundisha wote watatu ufukweni, maji kiunoni. Nilipompa mama miwani akaigeuzageuza, akanirudishia. "Hii ina mkwaruzo kushoto. Nipe ile yenye mkanda mweusi." Anazijua zote! Akavaa, akainamisha uso majini, akauinua anapiga chafya na kucheka. Kwenye ishara akasita. Mkono ulifika karibu na utosi ukagoma.

"Nisije nikajiitia msiba bure," akasema.

"Mama, huku si nyumbani."

Akaweka kiganja kichwani, taratibu, kama anayegusa pasi ya moto. "Hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Na nikizama?"

"Unapunga."

"Nimpungie nani?"

"Yeyote aliye kwenye boti."

"Ah," akasema, akatulia kabisa. "Basi atakuwepo kaka yako."

Tulipopanda boti nilimfunga jaketi mwenyewe. Lina mikanda ya kifuani, na mmoja wa chini unaopita katikati ya mapaja. Ule ndio unaolizuia lisipande. Mama akalalamika unambana. Nikamwambia avumilie. Tulipofika kwenye matumbawe nikatangulia majini na bibi harusi, na nyuma yangu kaka, kwa huruma zake za kijinga, akaufungua. Nilikuja kuambiwa baadaye na bwana harusi. Ati kaka alisema, "Binti yako anakufunga kama mzigo wa kuni, mama. Na picha haipendezi."

Kasa tulimpata mapema. Mama alikuwa kanishika mkono wa kushoto, nikamwonyesha kwa kidole: yule pale chini, mkubwa kama sinia, anakula majani bila haraka. Mama akaniminya vidole mpaka vikauma. Mrija wake ulikuwa unabubujika, alikuwa anaongea ndani yake. Tulipoinua vichwa akautoa mdomoni.

"Kumbe anakula majani! Kama mbuzi!" Halafu, bila kuambiwa, akaweka kiganja juu ya utosi.

Siku ile ingeishia hapo ningekuwa binadamu mwenye bahati kuliko wote.

Maji yakaingia kwenye miwani ya bibi harusi, akaanza kurusha mikono na kumkwea mumewe. Ikabidi niwafuate, niwapeleke kwenye ngazi. Mama alikuwa anaelea karibu na boti, upande wa nyuma. Nikamwita kaka. "Mwangalie mama!"

"Namwona!"

Na kweli alikuwa anamwona. Alikuwa anamwona kupitia kamera.

Nilikuwa nambandua bibi harusi shingoni mwangu, mguu wake mmoja tayari uko kwenye ngazi, niliposikia sauti ya kaka upande wa pili, imejaa furaha. "Mama! Safi kabisa! Punga tena, jua limekaa vizuri!"

Nikageuka. Maji yalikuwa yamemsogeza mama mbali na boti. Jaketi, lisilofungwa mkanda wa chini, lilikuwa limempanda masikioni, na yeye anateleza ndani yake. Mrija unaning'inia. Kidevu juu, mdomo unafunguka kwenye maji na kufungika. Mkono wa kulia unapunga. Na kaka, kamera kwenye mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia alikuwa anampungia.

Niliogelea, sijui niliogelea vipi. Kabla sijamfikia, mkono ulishuka. Nyuma yangu nikamsikia kaka akisema, "Ah, ameshachoka."

Nilimkuta macho yamekodoka nyuma ya miwani. Nikamkamata kwapani, nikamlaza chali, nikamvuta. Kwenye boti alitapika maji ya chumvi, akakohoa mpaka akajishika mbavu, na alipopata pumzi akakaa sakafuni, mikono yote miwili kichwani. Kaka akaanza kuizungukazunguka injini kama kuku.

"Si alikuwa anapunga?" anasema. "Si mmeona wote? Alikuwa anapunga, alikuwa anafurahi!"

Nilimwambia maneno ambayo bibi harusi wa watu hakustahili kuyasikia. Nilimwita mjinga, nilimwita muuaji, nilimwambia kamera yake nitamlisha na kamba yake. Mama akainua kiganja. "Acheni. Ni maji tu."

Siku zilizofuata beseni la bluu lilikuwa uani limefunikwa. Nikimuuliza, anasema amechoka. Nikamwambia kaka nenda ukamwombe mama radhi, akanijibu mama mwenyewe kasema ni maji tu, mimi ndiye ninayekuza mambo, nina roho ya pilipili. Na wiki haijaisha, akaenda kuichapisha ile picha! Akaitundika! Katika picha zote za dunia hii, akachagua ile! "Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," akasema, na hakuwa anatania.

Juzi asubuhi nilifika ofisini nikakuta wateja wawili wamesimama chini yake, wanajipiga picha nayo, mikono juu, wanamwigiza mama. Nikapanda juu ya kiti. Nikashika kona, nikaanza kubandua. Kaka akaruka kutoka nyuma ya meza, akashika kona nyingine.

"Shuka! Umechanganyikiwa? Mbele ya wateja?"

"Achia!"

"Hii ni ofisi yangu!"

"Na huyu ni mama yangu, achia!"

Tukavutana hivyo, mama katikati yetu, ukutani, anapunga. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mwenyewe, na beseni la bluu chini ya kwapa.

"Nimeleta beseni," akasema. "Tafuteni mtu mwingine wa kusuuza." Kisha akaiona picha. Alikuwa hajawahi kufika tangu itundikwe. Akasogea, akaweka beseni chini, akayasoma yale maandishi herufi kwa herufi, midomo inacheza.

Kaka, hata aibu hana, akachangamka. "Mama, afadhali umekuja. Mwambie binti yako. Waambie na wageni hawa jinsi ulivyofurahi siku ile."

"Kasa nilimwona," mama akasema. "Hapo nilifurahi." Akagusa picha kwa kidole, palepale penye mkono. "Hapa nilikuwa nazama."

Wateja wakashusha simu zao.

"Lakini mama, ulikuwa unapunga."

"Ndivyo nilivyofundishwa. Ukizama, punga, aliye kwenye boti atakuja. Nikaona uliye kwenye boti ni wewe. Nikakupungia." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Na wewe ukanipungia."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Nikajua unaniaga."

Kaka akaachia kona ya picha. Ile karatasi yote ikaniangukia mimi mabegani.

"Nikasema moyoni, basi, mwanangu ameniaga, tena anacheka, hana kinyongo na mimi. Sasa ningeendelea kukupungia ya nini? Nikashusha mkono."

 Kaka akamtazama mama, akaitazama picha, akamtazama mama tena. Halafu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, akachuchumaa, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Mama alisimama mbele yake akamwangalia. Hakumchapa kofi la kiwikoni, wala hakumuuliza anamlilia nani.