Kamba ya Makopo

Kwelea ni ndege mdogo asiye na adabu. Mpunga ukianza kutia maziwa, anakuja alfajiri kabla mtu hajanawa uso, yeye na ukoo wake wote, na ukienda tu kuchochea moto wa chai, ukirudi unakuta masuke matupu yamesimama wima kama yanakucheka. Ndiyo maana watu wa Mofu msimu huo wanafunga nyumba zao na kuhamia mashambani, kila mmoja juu ya dungu lake na debe na kombeo, na mdomo wake mwenyewe wa kutukania ndege.

Shamba la Fausta, mama yake Leticia, lilikuwa upande wa mtoni. Nyuma yake ndipo lilipokuwa shamba la Bibi Katarina. Kwelea hulala kwenye matete ya mtoni, kwa hiyo ilikuwa lazima wapite kwa Fausta kabla ya kufika kwa bibi. Na bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kundi la ndege angani hakuliona, ila akiambiwa limefika, alipiga debe mpaka vijana wakaona haya.

Basi kati ya madungu yale mawili kulikuwa na kamba. Ilianzia kwa Leticia, ikapita juu ya mpunga kwenye vigingi vya miti, ikaishia dunguni kwa bibi, ambako juu ya kichwa chake yalining'inia makopo ya maziwa yenye kokoto ndani. Ndege wakija, Leticia anavuta, makopo yanalia, bibi anainuka na debe lake. Kwelea wakikosa pa kutua huku na kule, wanapitiliza porini kutafuta mbegu za nyasi walizopangiwa na Mungu. Kelele za madebe zilikuwa bondeni kote asubuhi nzima, hazikumwambia bibi kitu. Kamba ndiyo iliyomwambia.

Mwaka huo Leticia alikuwa kidato cha tatu, na likizo ya Juni ilimkuta dunguni. Mama yake alikuwa amekwenda Lumemo kwenye msiba, akamwachia shamba yeye pamoja na Agnella, binti wa mama yake mkubwa. Agnella alikuwa msusi wa saluni Ifakara mjini. Alikuja na simu yenye chaja ya jua, mafuta ya mgando yenye harufu nzuri, na maoni juu ya kila kitu. Leticia alimpenda kupita kiasi. Agnella akicheka, naye alicheka. Agnella akikunja midomo, naye akaikunja, hata kama hakujua kinachodharauliwa ni nini.

Siku moja ndege walifukuzwa kwa bibi, wakazunguka, wakarudi, wakaila kona nzima ya shamba la Fausta. Jioni Agnella alikaa akiiangalia ile kona.

"Leti, mdogo wangu, jiongeze," alisema. "Mkiwafukuza nyote wawili, wanarudi hapa kwa sababu hapa ndipo karibu na mto. Wape mahali pa kutua. Ndege akishiba harudi."

"Watatua kwa bibi."

"Bibi ana watoto mjini. Mama yako ana nani? Kila mwamba ngoma huvutia kwake."

Leticia alisema hapana. Lakini ile hapana aliisema kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa, na Agnella hakuwa mtu wa kuchoka kubembeleza. Alimwambia acha ushamba. Alimwambia mama akirudi akikuta masuke matupu, si bibi atakayelipa ada ya shule. Maneno yenyewe hayakuwa na kitu, ila yalitoka kwenye mdomo ule.

Kesho yake kulikuwa na ukungu mzito. Kundi lilinyanyuka kutoka matetini, likaja chinichini, na mlio wa mabawa yao ulikuwa kama mvua inayotembea. Agnella alisema kwa kunong'ona, "Makombeo tu. Debe usiguse." Leticia alirusha udongo mara kadhaa, ndege wakakwepa, wakapanda kidogo. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kamba, wenyewe, kwa mazoea. Akaishika. Akaisikia imekaza, maana upande wa pili bibi naye alikuwa ameishika, kama alivyozoea kila asubuhi, akisubiri kuambiwa.

Akaiachia.

Agnella hakumshika mkono. Hilo ndilo Leticia alilolirudia baadaye akilini mpaka likamchosha: hakuna aliyemshika mkono.

Kwelea walishuka kwa Bibi Katarina kama wamealikwa. Debe lake lilipoanza kulia, lilianza kwa fujo, la mtu aliyeshtuka, na lilikuwa limechelewa. Walipoondoka, nusu ya shamba ilikuwa makapi. Kwa Fausta halikuguswa hata suke.

Leticia alidhani bibi angekuja na matusi. Alijiandaa kwa matusi. Mtu akitukanwa anapata pa kushika. Bibi alikuja mchana akipapasa njia kwa fimbo, na mkononi amebeba bakuli lililofunikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Asubuhi ulivuta?"

Agnella, nyuma ya dungu, aliacha kuchezea simu.

"Nilivuta, bibi," alisema Leticia.

"Nilijua." Bibi alitikisa kichwa. "Nilianza rozari, nikafika tendo la tatu, basi... Nilidhani niko macho. Kumbe nilisinzia. Mtoto unaamka na baridi hii, unanivutia, na mimi nakoroma! Nisamehe, mama." Akamkabidhi bakuli. Lilikuwa na kambale wa kukaushwa, amepikwa kwa nazi, kitoweo ambacho bibi alikuwa amekiweka kwa ajili ya siku za kuvuna.

Agnella alimla yule kambale kwa raha zote, akamumunya hata mifupa. Leticia alionja tonge moja, akamwachia bakuli. Bibi alikuwa na masikio yake mwenyewe, na masikio yale yalimwambia kwamba makopo hayakulia. Lakini alipowekwa kati ya masikio yake na neno la Leticia, alichagua neno la Leticia. Msichana alijisikia mchafu mwili mzima, uchafu wa kutotoka kwa sabuni.

"Kausha, usiseme kitu," Agnella alimwambia. "Mwenyewe kasema alilala. Wewe ni nani umbishie mtu mzima?"

Akakausha. Alirudi kuvuta kamba kila alfajiri, akaivuta kwa nguvu mno, hata kwa kundi la ndege watano, na kila alipovuta bibi aliitikia kwa debe na kupaza sauti, "Nimesikia, mjukuu wangu! Leo sijalala!" Heri angenyamaza. Sauti ile ya kujitetea ilimtia Leticia simanzi, akawa anajificha uso nyuma ya nguzo ya dungu kana kwamba yule bibi anaweza kumwona.

Mama yake alirudi kutoka msibani, akatembea shamba zima, akamsifu. "Mwanangu kakua," aliwaambia wapitao njia. Leticia akasema anaumwa kichwa.

Habari zikafika Ifakara. Vitus, mwanaye Bibi Katarina, alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki mjini. Si mtu mbaya. Alikuwa tu na hofu, na hofu ya mtoto kwa mzazi huwa na maneno makali. Alifika Jumapili mchana, akaketi kwenye kivuli cha kibanda cha mama yake, akamwita na Fausta. Leticia alimfuata mama yake. Agnella alibaki akisuka nywele zake mwenyewe.

"Mama," Vitus alisema, "shamba linataka mtu mwenye macho. Ukakosa macho, tukasema masikio yapo. Sasa na masikio yanalala. Siku moja moto utashika kibanda hiki na wewe umo ndani. Tukivuna, tunaondoka wote. Nimeshatengeneza chumba."

Bibi Katarina alikuwa akizungusha shanga za rozari vidoleni. Shamba lile alilifyeka na marehemu mumewe likiwa pori, na kila mwaka Vitus alipomwita mjini alimjibu kwamba akienda huko atakufa kwa kukaa. Leo hakujibu hivyo.

"Ni kweli, baba," alisema. "Nimezeeka."

"Na shamba, dada Fausta," Vitus alisema, "tulikuwa tunafikiri ulime wewe. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Fausta alishindwa kuificha furaha. Mashamba mawili yaliyopakana, na moja limeshafyekwa! Alimgusa binti yake goti.

"Heri achukue Fausta," alisema bibi. "Ana mtoto mwaminifu. Yeye alivuta kamba. Mimi ndiye niliyelala."

Leticia aliona mkono wa mama yake juu ya goti lake. Alimfikiria Agnella, angekunja midomo namna gani. Alifikiri pia kwamba akinyamaza kidogo tu, dakika ile itapita na jambo litakuwa limekwisha milele.

"Sikuvuta," alisema.

"Nini?" Fausta aliuliza.

"Sikuvuta kamba. Niliwaona ndege wanakuja. Niliishika kamba nikaiachia, ili watue kwa bibi wasitue kwetu. Bibi hakulala."

Fausta aliondoa mkono gotini. Vitus alisimama, akaketi tena. Bibi Katarina aliinua uso, na uso ule ukafunguka.

"Sikulala?"

"Hukulala, bibi."

"Vitus, umesikia? Sikulala! Tendo la tatu nililimaliza! Nilisema moyoni, mbona nakumbuka mpaka Atukuzwe Baba?" Alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja, akalia kidogo, akacheka tena. "Siendi mjini. Chumba chako weka vipuri. Mimi sikulala."

Alifurahi mno hata akasahau kukasirika, na Leticia angefurahia zaidi kofi. Kofi alilipata jioni, la mama yake. "Umefanya ubaya huo kisha unaniaibisha mbele za watu," Fausta alisema, na ilikuwa vigumu kujua kati ya hayo mawili lipi lilimuuma zaidi. Agnella alipanda bodaboda kurudi mjini. "Umejichoma mwenyewe," alimwambia, na Leticia, kwa mara ya kwanza, hakujali alivyokunja midomo.

Usiku ule alilala vizuri. Alidhani yamekwisha.

Alfajiri alipanda dunguni. Akasikia debe la Bibi Katarina likilia tayari, giza bado halijaondoka sawasawa, ndege hata hawajaamka matetini. Lilikuwa likilia bila kupumzika. Kukapambazuka, kundi la kwanza likanyanyuka. Leticia akashika kamba, akavuta kwa nguvu zake zote.

Kamba ikamfuata. Ilikuja nyepesi, ikiteleza juu ya masuke, mpaka mwisho wake ukafika mkononi mwake bila kopo hata moja. Haikuwa imekatika. Ilikuwa imefunguliwa fundo kwa bibi, taratibu, na mtu mwenye subira.

"Bibi, wanakuja!" alipiga kelele. "Bibi! Sasa!"

Upande wa pili bibi kizee aliendelea kupiga debe, ndege wakiwepo, ndege wasiwepo, asubuhi nzima, kwa kuwa hakuwa tena na mtu wa kumwamini amwambie ni wakati gani.