Korongo la Likawage

Fakihi mkalimani alikuwa na mgongo mmoja tu, na aliupenda. Mkalimani aliyemtangulia katika boma la Kilwa Kivinje alithubutu kumsahihisha Bwana Manyoya Kiswahili chake mbele ya watu. Akala hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na Ramadhani nzima akafuturu amesimama. Kwa hiyo siku ile barua ilipofika, Fakihi alifyata ulimi.

Huyo Bwana Manyoya alikuwa Mdachi, mkuu wa boma, mwenye wazimu wa ndege. Miaka miwili alikuwa akimtafuta korongo mweupe wa kwao Ulaya, ambaye alisikia amepotea njia akaangukia huku kwetu. Barua ilitoka kwa Jumbe Huseni wa Likawage, na Fakihi akaisoma kwa sauti: "Bwana Mkubwa, korongo kubwa limetokea hapa kijijini. Limekula shamba langu la mihogo, limemeza mbuzi wawili, na sasa linaelekea msikitini. Tusaidie."

Loo! Hata mtoto anayenyonya angejua kuwa Jumbe analilia shimo lililochimbwa na maji ya mvua. Bwana akaruka kitini.

"Korongo! Kubwa! Kula mbuzi!"

"Bwana, labda nitafsiri kidogo..."

"Hapana tafsiri! Mimi najua Kiswahili! Sisi kwenda leo. Hapana ndege, wewe hamsa ishirini."

Sasa hapo utasema nini? Fakihi akaitikia ndiyo Bwana, akaenda kumuaga mkewe Kidawa. Kidawa akacheka mpaka akakaa chini. "Yaani unampeleka Mdachi na wavu akanase shimo? Haya baba, mgongo huo nitaukanda mimi."

Wakatembea siku tatu, askari sita na wapagazi arobaini, na kila walipopumzika Fakihi alikuwa akijipapasa mgongo. Likawage wakapokewa kwa vigelegele. Masika matatu korongo linawatesa, leo serikali imekuja yenyewe! Bwana akaanza kumhoji Bibi Mwahija, kikongwe aliyekaa mwisho wa kijiji.

"Korongo kubwa?"

"Kubwa, mwanangu! Kila masika linanenepa."

"Lala wapi?"

"Limelala hapo hapo nyuma ya jiko langu. Mvua ikinyesha nalisikia linanguruma."

Bwana akayaandika yote kitabuni. Kisha akanyata mpaka nyuma ya jiko, wavu juu. Akaona shimo refu la udongo mweupe.

"Ndege wapi?"

Kijiji kizima kikanyoosha vidole chini. Bwana akamgeukia Fakihi, na askari mmoja akaanza kukunjua kiboko. Akili ni nywele, na Fakihi alikuwa na kipara. Lakini siku ile Mungu alimwotesha unywele mmoja.

"Amejichimbia huko chini, Bwana! Ana haya sana. Tukijaza mawe kuanzia huku, atatokea kule mwisho."

Bwana akatimua mbio kwenda kule mwisho. Siku mbili askari na wapagazi walibeba mawe huku Bwana amechutama kichakani na wavu wake, mbu wakimfanyia karamu. Jiwe la mwisho lilipotiwa, akatoka amevimba uso.

"Korongo wapi?"

Kabla Fakihi hajafungua kinywa, Bibi Mwahija akadakia: "Tumelifukia, mwanangu! Limekwisha kabisa, alhamdulillahi!"

Ole wake! Kufukia ni neno ambalo Bwana alilijua sawasawa. Fakihi akafumba macho, akaukabidhi mgongo wake kwa Mola.

Kiboko hakikuja. Alipofumbua, Bwana amevua kofia, machozi yanamtiririka. "Mimi ua yeye," akasema, akamkumbatia Fakihi. "Wewe sema kweli. Mimi mbaya." Akapanda juu ya mawe akaimba wimbo wa mazishi wa kwao, beti zote. Watu wa Likawage hawakuwahi kuona serikali inayolilia mashimo, basi kwa adabu wakaitikia amina. Fakihi akaitikia kuwashinda wote.

Masika yakaja, yakapita. Asubuhi moja bomani Fakihi akafungua barua nyingine ya Jumbe Huseni: "Bwana Mkubwa, korongo limefufuka, na safari hii limezaa."

Mlango ukafunguliwa. "Barua ya Likawage! Sema nini?"

Fakihi hakujibu upesi, maana alikuwa akiitafuna. Akameza kipande kikubwa, macho yakamtoka.

"Salamu tu, Bwana."