Mkate wa Chini ya Mchanga

Wageni wawili, mume na mke, waliteremka kutoka kilima kikubwa cha mchanga kabla jua halijawa kali, wakaketi kwenye benchi la getini kukung'uta viatu. Walikuwa wamepanda, wamelitazama ziwa, wamepiga picha, basi. Mume akamuuliza dada mtembeza wageni aliyekuwa nao kama pana jambo jingine la kufanya.

"Nyuma huko kuna kinamasi, ndege wengi, watu wachache," yule dada alisema. "Kuna chemchemi ya maji baridi. Na kuna mkate."

"Mkate gani?"

"Wa baba yangu."

Wakachagua mkate, maana walikuwa hawajatia kitu tumboni.

Aliwazungusha nyuma ya kilima, upande ambao wageni hawafiki, mpaka kwenye bomba la moshi lililochomoza mchangani. Lilikuwa linafuka. Kando yake palikuwa na bomba jingine, pana, lenye kamba na ndoo. Mtembeza wageni aliinama juu yake.

"Shikamoo baba. Nina wageni wawili."

"Marahaba mwanangu," sauti ikajibu kutoka chini. "Wasubiri kidogo, inamalizia kuiva."

Mke aliuliza kama mzee yuko huko siku nyingi. Mtembeza wageni akamweleza kama anavyoeleza njia ya kwenda chemchemi. Hapo palikuwa na mtaa. Hoteli ilipojengwa, ilikata miti iliyozuia mchanga ili kila chumba kione maji, na upepo haukungoja kualikwa. Mchanga uliingia vibarazani, ukapanda madirishani, ukafunika mapaa. Majirani walihama. Baba yake alikuwa ameshakanda unga, akasema atatoka ukishaumuka na kuokwa. Lakini mwoka mikate hakosi unga unaoumuka, kwa hiyo alikuwa hajatoka.

"Poleni," mke alisema.

"Tumeshapoa."

Ndoo ikapandishwa ikiwa na mikate ya moto. Wakala wamesimama, mume akisifu ganda.

Haukupita muda meneja wa hoteli akaja na mafundi wawili na mfuko wa saruji. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema moshi unaingia vyumbani na wageni wananung'unika, hivyo mabomba itabidi yazibwe. Mafundi wakaanza kukoroga.

"Chini kuna mtu," mtembeza wageni alisema.

"Sisi tunachojua, mtaa huu ulihamwa wote."

 Mtembeza wageni akapiga magoti, akaingiza kichwa bombani. "Baba, leo utoke. Nitakushushia kamba, ujifunge kiunoni, tukuvute."

 Ikasikika sauti ya unga ukipigwa mezani huko chini.

"Nikitoka watasema hapakuwa na mtu," baba alisema. "Na itakuwa kweli."

"Na wakiziba?"

"Waambie wangoje, hii haijaiva."

Meneja alisikia yote. Akaweka tai yake vizuri, akainama naye. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshakunywa chai?"

"Bado."

Ndoo ikapanda. Meneja aliumega mkate, akaula polepole hadi ukaisha, akajifuta midomo kwa kitambaa. Kisha akauliza kama mzee anaweza kuipikia hoteli mikate ya asubuhi.

"Naweza. Lakini vipi kuhusu miti?"

"Miti ni mambo ya wakubwa, mzee."

"Basi nifikishie salamu zangu."

"Zitafika."

Salamu zilifika, na wakubwa wakaitikia vizuri. Saruji ilikuwa imeshakorogwa, na kwa kuwa ni dhambi kutupa mali, mafundi waliitumia kujenga ngazi ya kufikia mabomba. Hoteli ikasimamisha kibao chenye mshale. Wageni wakawa wanapanga foleni upande ule, wakilalamika kwamba zamani palikuwa hapajulikani, palikuwa pazuri zaidi.

Mchana mmoja, foleni ilipokwisha, mtembeza wageni alikuwa akimshushia baba yake unga. Misumeno ikaanza kunguruma ng'ambo ya kinamasi.

"Mlio gani huo?" baba aliuliza.

"Wanakata miti iliyobaki. Wanaongeza vyumba."

"Upande gani?"

"Upande wa nyumbani kwangu."

 Kamba ikalegea, baba alikuwa ameupokea unga.

"Basi uanze kujifunza kukanda," alisema. "Aproni ya marehemu mama yako ipo, nimeifua."

Mtembeza wageni alitazama ng'ambo. Mti mmoja ulikuwa umeshaanguka, na nyuma yake maji yalionekana, ya buluu, mazuri kweli.

"Inanitosha?" aliuliza.

"Itakutosha. Ina kamba ndefu."

Akakunja mikono ya blauzi, akamwomba baba amweleze maji ya kukandia yanapimwaje.