Matundu Kumi na Sita

Mimi ni fundi, na mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Kangeta nzima inajua hivyo. Miaka hii ya tisini, pikapu nyingi zilizobeba miraa zilipita kwangu kwanza. Niliongeza springi za nyuma, nikatoboa bodi, nikachomelea vyuma vya kushikilia mabunda, kisha nikang'oa mlango wa nyuma ili mzigo upate nafasi ya kutokeza. Gari ikitoka kwangu ilibeba mara mbili na kuruka mashimo bila kulia. Niliipenda kazi hiyo, na haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kuiona kama uharibifu.

Ndugu yangu mkubwa, Salesio, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kiirua. Mwaka wa 1996 alinunua pikapu mpya, nyeupe, ya kupanda milima, ile ambayo magurudumu yote manne yanavuta. Nilipoenda kuiona nilikuta ameijengea kibanda cha mabati kizuri kuliko jiko lake. Viti vilikuwa bado na nailoni za dukani.

"Hizi nailoni utazitoa lini, Mwalimu?" nikamuuliza. Hata mimi nilimwita Mwalimu, kama watu wote.

"Sitazitoa."

Akaniambia, tena bila haya, kwamba miaka thelathini ijayo watu watatafuta pikapu kama hiyo kwa tochi. Watataka hata moja tu iliyobaki vile ilivyotoka kiwandani, waonyeshe watoto gari za siku zetu zilivyokuwa. Yeye alitaka hiyo moja iwe yake.

Nilicheka mpaka mkewe, Karimi, akatoka jikoni kuona kuna nini. Nikamwambia Salesio kitu cha kuwekwa ni kama ile landrova ya baba, chuma kitupu, si hizi za siku hizi zenye plastiki mpaka kwenye bampa. Pikapu ni punda wa chuma, nikasema, na nani anamfunika punda kwa turubai?

"Landrova ya baba iko wapi?" akaniuliza.

Mlango wake mmoja ulikuwa kwenye banda la kuku la jirani, boneti ilifunika pipa la maji, na viti vilioza mvuani. Aliyeifungua nati kwa nati ni mimi, nilipokuwa najifunza kazi. Salesio alikuwa chuoni wakati huo, na aliporudi alikuta matairi mawili tu.

"Baba alinifundisha kuendesha kwa ile gari," akasema. "Hata wakati huo mlisema ni gari tu."

Nikabadilisha mazungumzo, tukanywa chai.

Mwisho wa mwaka uliofuata ulikuja na zile mvua za El Nino, na mgongo wa Salesio nao ukamshinda. Akapelekwa hospitali Nairobi. Kabla ya kwenda aliniita, akanipa ufunguo mkononi.

"Iwashe kila Jumamosi, dakika kumi. Kisha uifunike. Usifanye kitu kingine."

"Sawa, Mwalimu."

Jumamosi mbili nilifanya hivyo. Ya tatu, kichwa kikaanza kunidanganya. Madaktari walikuwa wamesema hatasimama tena darasani. Atarudi nyumbani akae bure, nikawaza, na huku barabara za kwetu Igembe ni matope matupu, kila mwenye miraa analia apate gari kama hiyo. Halafu kwetu, ndugu yako akiwa fundi humwombi kazi. Anatakiwa aone mwenyewe shida yako, aifanye bila kuambiwa. Nikajiambia Salesio ananingoja nione. Mungu anisamehe, niliamini kabisa.

Nikaiendesha hadi Kangeta, nikaifanyia kazi siku sita. Sijawahi kufanya kazi safi namna hiyo. Nilitoboa matundu kumi na sita kwenye bodi, kila moja nikalipiga tupa mpaka likawa laini. Mlango wa nyuma nikampa Veronicah, mama anayeuza chakula karibu na karakana yangu, afungie kibanda chake. Nailoni za viti nikafunikia saruji. Juu ya kioo cha mbele nikaandika MWALIMU kwa rangi nyekundu, na furaha niliyokuwa nayo nashindwa kuieleza.

Siku aliyorudi niliiegesha getini kwake, imeoshwa mpaka inang'aa. Salesio alishuka kwenye teksi na mkongojo, Karimi amemshika mkono. Akaizunguka pikapu polepole. Akaingiza kidole kwenye tundu la kwanza, akaenda la pili, la tatu. Mimi nimesimama hapo nangoja kushukuriwa.

"Yako mangapi?"

"Kumi na sita. Yote nimeyapiga tupa, Mwalimu, hayatakukwaruza."

"Na mlango?"

"Nimempa Veronicah wa Kangeta."

Alifungua mlango wa dereva, akaketi kwenye kile kiti kilichokuwa na nailoni, akajifungia humo. Karimi akanivuta kando.

"Muriuki," akaniambia, "kila siku nikifika wodini alikuwa ananiuliza kama umeifunika."

Salesio aliposhuka nikamwambia nitaziba matundu yote, nitaleta mlango, nitapaka rangi mtu asijue.

"Itakuwa gari iliyozibwa tu," akasema. Akanipa ufunguo. "Ichukue, ibebe miraa. Umeitengeneza vizuri."

Nilikimbilia kwa Veronicah. Mlango ulikuwa umepigiliwa bawaba za mbao, na moshi umeubadilisha ukawa mweusi. Niliupeleka Kiirua hivyohivyo. Salesio akaniambia niulaze katikati ya kile kibanda kitupu.

Sasa ni 1999, na pikapu bado iko barabarani. Madereva wanaisifu, wananiuliza fundi wake ni nani, nami na mdomo wangu huu wote nageuka kutafuta spana.

Jumamosi iliyopita nilipita Kiirua. Nilimkuta Salesio kibandani, ameketi kwenye kigoda, anaufuta ule mlango kwa kitambaa chenye mafuta. Moshi wote ulikuwa umetoka. Turubai ilikuwa sakafuni, na mgongo wake haukumruhusu kuinama kuichukua.

"Nisaidie," akasema.

Nikaiokota, nikaufunika mlango, nikaingiza kingo zote chini vizuri. Salesio alikuwa ananitazama.

"Ni hilo tu nililokuomba," akasema.