Pijo la Mwalimu Kokushubila

Mwalimu Kokushubila alikatwa mguu wa kushoto mwezi wa tatu, juu kidogo ya goti. Kilianza kidonda cha kiatu, kidogo kama punje ya harage, na kwa kuwa alikuwa na kisukari hakukisikia mpaka kilipooza. Alirudi nyumbani kwake Kitendaguro na magongo mawili, na kwa miezi minane hakutaka kusikia habari za magari.

Waliomjua walishangaa. Alifundisha fizikia miaka thelathini, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye Pijo 404 aliloachiwa na baba yake, la mwaka sitini na nane, gia zake ziko kwenye usukani. Kila Jumatatu ya Pasaka yeye na wenzake watano wenye magari ya zamani waliongozana kutoka Bukoba hadi Muleba na kurudi, wakipiga honi kila penye watu. Alipoanza kuugua, Pijo lilipelekwa Buganguzi kwa mdogo wake Clavery, likaingizwa kwenye banda la kahawa.

Novemba akampigia simu Riyadhi, fundi wa Kashai, mmoja wa wale watano.

"Nipeleke Buganguzi."

"Kuna msiba, Mwalimu?"

"Nataka kuliona gari."

Walikuta kuku wametaga chini ya usukani. Matairi yote yalikuwa yameisha upepo. Kiti cha nyuma hakikuwemo. Kilikuwa barazani, wageni wanakikalia. Clavery alijikuna kichwa.

"Dada, mimi nilidhani… basi tu, nilidhani."

Kokushubila hakumuuliza alidhani nini.

Akakaa pale wiki tatu. Asubuhi Clavery alimwekea kigoda mbele ya boneti, naye akashinda hapo, mafuta mpaka kwenye viwiko. Kabureta aliifungua kipande kwa kipande juu ya ungo wa mke wa Clavery, Renatha, akaisafisha kwa mswaki. Plagi alizikwangua moja moja. Vidole havikuwa vimesahau chochote. Riyadhi alikuja Jumamosi na betri na tyubu mpya, na siku ile gari lilipokohoa mara tatu kisha likawaka, Renatha alitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akapiga vigelegele. Kokushubila alifuta macho, akasema ni moshi.

Riyadhi ndiye aliyelitamka neno ambalo kila mtu alikuwa akilikwepa.

"Na klachi je, Mwalimu?"

"Chomelea chuma kwenye pedali, kipande kirefu. Nitasukuma kwa mkono."

"Mkono mmoja klachi, mmoja gia. Usukani unashikwa na nani?"

"Wewe chomelea."

Akachomelea.

Jumapili wote walikwenda misa. Kokushubila alisema kisiki cha mguu kinamuuma, wamwache. Walipotokomea, akaegemeza magongo kwenye nguzo ya banda, akajivuta mpaka kwenye kiti cha dereva. Alitaka kuzunguka uwanja tu, mara moja, bila mtu kumwangalia. Akawasha. Akasukuma chuma kwa mkono wa kulia, akaingiza gia kwa wa kushoto, usukani akauzuia kwa kifua. Akaachia taratibu. Gari likaenda! Likapita banda, likapita mti wa kwanza wa kahawa, na yeye akacheka peke yake kwa sauti.

Kisha uwanja ukaanza kuteremka. Aliinama kutafuta kile chuma, na alipoinua kichwa gari lilikuwa limeshaacha njia. Breki aliikanyaga, lakini kwa kuchelewa. Pijo liliingia kwenye kibanja, likaangusha migomba miwili, likazimika limeinama kwenye mtaro.

Hakuumia. Mlango wake ulikuwa umebanwa na mgomba, na mlango wa pili ulifungukia mtaroni, mahali ambapo mtu mwenye mguu mmoja asingeweza kushuka bila magongo. Magongo aliyaona, pale pale kwenye nguzo, kama hatua thelathini. Akapiga honi. Majirani nao walikuwa kanisani. Akapiga tena mpaka sauti ikafifia. Mvua ikaanza. Alikaa humo saa mbili na zaidi, na mwishowe haja ndogo ikamshinda, kwenye kiti cha baba yake.

Clavery alimkuta hivyo. Alikata mgomba kwa panga, akafungua mlango, akageuka na kuchuchumaa.

"Panda, dada."

"Nimechafuka."

"Panda tu, waitu," akambembeleza kwa Kihaya.

Akampanda mgongoni. Walipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa akimbeba Clavery. Mvuani, njia nzima, aliuficha uso kwenye shati la mdogo wake.

Jioni Clavery aliuliza kwa upole, "Tulitafutie gari mtu anayelitaka?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Sijui, Clavery. Kweli sijui."

Jumatatu ya Pasaka, Riyadhi aliliacha gari lake nyumbani akaendesha Pijo. Kokushubila alikaa pembeni. Kila Riyadhi alipobadilisha gia, mguu wa kushoto ambao haupo ulikanyaga klachi, akausikia mpaka kwenye vidole. Na Riyadhi alipochelewa, ukamuuma. Hakumwambia. Muleba watu walilizunguka gari, wakapiga picha. Mzee mmoja akampa Riyadhi mkono.

"Hongera, fundi. Umelifufua."

"Amelifufua huyu hapa," Riyadhi akasema. "Gari ni lake."

Mzee alichungulia ndani, akayaona magongo. "Pole sana, mama," akasema, akarudi kuongea na Riyadhi.

Waliporudi Bukoba, Kokushubila aliomba gari liachwe kwake Kitendaguro, nyuma ya nyumba. Liko hapo hadi leo. Kila Jumamosi asubuhi hujikokota mpaka ndani, akaliwasha, akasikiliza injini kwa muda wa kama robo saa. Kisha hulizima.