Samahani, Naomba Kuuliza

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kompyuta ya dukani aliizungumzisha kama mtu. Hakuandika swali lolote kwenye kivinjari bila kuanza na "samahani, naomba kuuliza." Nilikuwa namcheka.

"Mzee wangu, hiyo ni mashine. Haikasiriki."

"Sasa niingie kwa mtu bila hodi?"

Tangu tumzike, nikiandika "sama" tu, kivinjari kinamalizia kwa maneno yake. Samahani, naomba kuuliza, kola iliyochakaa inageuzwaje. Samahani, naomba kuuliza, mke wangu anakohoa usiku, nimpe nini. Hilo swali la kikohozi sikuwahi kulijua. Kila asubuhi nilikuwa naandika hizo herufi, nasoma, ndipo nafunua cherehani.

Juzi kivinjari kikagoma kuendelea mpaka nichague. Nikikubali, yote tuliyowahi kutafuta watapewa "washirika" wa wenye kivinjari. Nikikataa, ya nyuma yote yanafutwa.

Nikamwita shemeji, mdogo wake marehemu, anayetengeneza simu mtaa wa pili. Akasoma, akaguna.

"Hao washirika ndio nani?" nikamuuliza.

"Yeyote mwenye hela, shemeji. Ndiyo maana unaletewa matangazo ya dawa za kifua kila siku."

"Mimi nilidhani ni bahati tu."

"Bahati gani hiyo inayojua mapafu yako!"

Tukacheka.

"Kama unayapenda hayo maneno, nikunakilie kwenye karatasi."

"Si maneno, shemeji. Ni vile yanavyokuja yenyewe, kama vile bado anaandika."

Akanisogezea kompyuta taratibu. "Basi kubali. Nani atakulaumu?"

Nikapeleka kidole kwenye Nakubali. Macho yakaenda kwenye futi ya marehemu ya kupimia, bado inaning'inia pembeni ya kioo. Mume wangu hakuwahi kutaja kipimo cha mteja kwa sauti. Akishapima, alikuja mezani kwangu, akainama, akaninong'oneza kiuno, nyonga, kifua, nami naandika. Hata duka likiwa halina mtu mwingine. Wateja walimtania: "Fundi, unamtongoza mkeo kwa kiuno changu?" Alicheka nao, lakini sauti hakuipandisha.

Na kikohozi changu alikiuliza hivyohivyo, kimyakimya, akidhani anayesikia ni mmoja.

Nikabonyeza Sikubali.

Shemeji akageukia mlangoni, akajifanya anaangalia mtaa. Nikaandika "sama." Kistari kikabaki kinawaka na kuzimika, kikinisubiri nimalizie mwenyewe.

Mchana akaja mwalimu wa shule ya jirani kushonesha gauni. Nikachukua ile futi kwenye kioo, nikaizungusha kiunoni mwake, nikasoma. Kisha nikajikuta nimeenda mezani, nimekiinamia kiti changu kilicho kitupu, nakinong'oneza.

Nikakaa, nikaandika.