Mjuzi wa Bunduki

Wenzake Kahambu wa ofisini, pale Schuman, huku Ulaya, kila Jumamosi hupiga risasi visahani vya udongo ambavyo havijamkosea mtu. Naye akapata kibali, akaenda kuchagua bunduki yake ya kwanza, calibre douze, ile ya mchezo huo. Alimchukua baba yake, papa Jean-Marie, aliyekimbia vita mara tatu kule Kivu, na ambaye kila Noeli huwaambia wageni kwamba bunduki anazijua zote.

Dukani muuzaji akamkabidhi mzee moja. Mzee akaigeuza mpaka mdomo wa mtutu ukamwelekea kifuani, ndipo akatikisa kichwa kama aliyeitambua. Muuzaji akaigeuza upesi, kitako kikawa upande wa mzee.

"Papa, si ulisema unazijua?"

"Bon, nazijua, mutoto wangu. Ila leo ndiyo mara ya kwanza naziona kwa nyuma."